Nilipozidi Kuwa Mzima

Mume wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba yeye, Mkristo wa ndoa moja, ameishi na wake wawili katika nyumba moja, na wote wawili ni mimi. Ni mpishi katika hoteli ya watalii kule Mweya, ndani ya hifadhi, na hurudi Bwera akipewa likizo. Kwa hiyo kwa miaka mingi aliniona kwa vipande. Likizo hii anamkuta mwanamke amelala akiutazama ukuta. Likizo ijayo anamkuta mwanamke mwingine yuko juu ya paa anapigilia misumari. Hakuwahi kuuliza. Anasema alidhani wanawake ndivyo walivyo.

Mimi nauza vitenge Mpondwe, sokoni pale mpakani na Kongo. Meza ya pili ni ya rafiki yangu, mama wa Butembo aliyevuka na watoto wake wakati wa vita. Naye anauza vitenge, tena vya rangi zilezile ninazouza mimi, na bado tunapendana. Lugha zetu za nyumbani ni ndugu, lakini sokoni tunasemezana Kiswahili, kila mtu cha kwao. Nyumbani naishi na mama mkwe. Hao watatu, mume, rafiki na mama mkwe, ndio walioniuguza, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake alionichagulia.

Mwaka ninaousimulia ulianza kitandani. Sikuwa na homa wala jeraha. Nilichoka uchovu ambao kulala hakuupunguzi. Jogoo alinikuta macho wazi, kifua kizito kana kwamba mtu amenikalia na hataki kusema anataka nini. Mama mkwe aliniletea bundu, ule ugali wetu wa muhogo, pamoja na samaki wa ziwani, samaki ambaye siku nyingine ningemwacha mifupa mitupu. Nikamtazama samaki, samaki akanitazama, tukaachana hivyo. Siku moja nililia asubuhi nzima kwa sababu mpini wa sufuria ulikuwa umelegea. Niliuonea huruma.

Mama mkwe alisema ni mimba.

"Mama, mimi ni wa kuitwa bibi sasa," nilimwambia.

"Biblia imejaa vikongwe waliozaa," akajibu, akaenda kunichemshia majani.

Rafiki yangu alikuja kunitazama, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. "Hii ni malaria, mama. Ile ya ku kichwa. Inaingiaka polepole."

Nikapimwa malaria, haikuonekana. Mwenye duka la dawa akasema basi imejificha, akanipa dawa ya kuitafuta. Halafu ikawa homa ya matumbo, halafu presha, halafu vidonda vya tumbo. Nilimeza hata dawa ya minyoo, na kama walikuwamo, nadhani waliondoka na majonzi kama yangu. Rafiki akaniombea misa. Mama mkwe akaleta kundi lake la maombi, nao wakayaombea magoti yangu kwa bidii kubwa, kwa kuwa alikuwa amewaeleza kwamba siwezi kusimama. Magoti yangu hayajawahi kuuma tangu siku ile. Lakini hata kabla ya siku ile hayakuwa yanauma.

Mume wangu aliporudi likizo hakukaa hata kunywa chai. Alinivalisha viatu mwenyewe, akanipeleka Kasese kwenye zahanati moja ndogo, katika lile joto la mjini linalomfanya mtu wa milimani ajute kuzaliwa na ngozi. Tabibu alikuwa kijana mpole. Hakunichoma sindano. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Ninalalaje? Zamani ni jambo gani lilinifurahisha, na je, bado linanifurahisha? Najilaumu kwa mambo gani? Mume wangu alikuwa anatazama feni iliyozunguka juu yetu. Kisha tabibu akauliza kama nimewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali nisiwepo.

Nilijibu ndiyo, kwa sauti ndogo. Mume wangu akaacha kutazama feni. Alinishika mkono mbele ya mtu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi.

"Hii ni sonona," tabibu alisema. "Ni ugonjwa. Si uvivu, si kurogwa, na hauponi kwa kuambiwa ujikaze."

Kabla ya kuandika dawa akaongeza swali moja. "Je, umewahi kupata kipindi cha kinyume chake? Nguvu nyingi mno, usingizi kidogo, mipango mingi kichwani?"

"Hapana," nikasema. "Nikiwa mzima ninakuwa mzima tu."

"Akiwa mzima ni mchapakazi sana," mume wangu akadakia, kwa fahari ya mtu anayesifia baiskeli yake.

Hatukumdanganya kijana wa watu. Tulimwambia tulichokijua. Alituonya kwamba nikianza kubadilika ghafla turudi haraka, lakini wakati huo mume wangu alikuwa anauliza kama dawa inamezwa na maziwa au na maji, na onyo lile lilibaki mlemle chumbani.

Dawa ilinirudisha taratibu. Kwanza samaki alilika. Kisha nikarudi sokoni. Kisha nikaendelea kurudi, nikapapita pale nilipokuwa zamani, nikasonga mbele.

Nilikuwa naamka kabla ya wote nafagia uwanja wetu, nikimaliza nafagia wa jirani, halafu njia yote mpaka barabarani. Nilipaka mlango rangi ya njano. Mlango ukaufanya ukuta uonekane mchafu, nikapaka ukuta. Ukuta ukaliumbua banda la mbuzi, nikapaka na banda, na mbuzi mmoja aliyeegemea mapema alitembea na ubavu wa njano mpaka manyoya yake yalipoota upya. Mama mkwe alizunguka kijiji kizima akiisifu dawa ya Kasese. "Hiyo ndiyo dawa! Mkwe wangu amepona mpaka ananichosha!"

Sokoni, mteja aliyekuja kununua kitenge aliondoka akiwa amesikia habari za ukoo wangu, mpango wangu wa kuleta reli hadi Bwera, na maoni yangu juu ya ndoa yake. Nilianza kusema Kifaransa. Sikukijua, lakini hilo halikunizuia.

"Mama," rafiki yangu alininong'oneza, "hiyo haiko Kifaransa."

"Ni Kifaransa kinachokuja," nilimjibu. "Nyinyi mmezoea kile cha zamani."

Akaendelea kukunja vitenge vyake, jicho moja likiwa kwangu.

Halafu ikaja siku ya soko ambayo mpaka leo wachukuzi wa Mpondwe wanaisimulia. Malori yalikuwa yamekwama. Moja la mbao lilikuwa linatoka Kongo, mengine ya saruji yalikuwa yanataka kuingia, na katikati yake palikuwa na mawakala wa forodha wanaokimbia huku na huku na makaratasi vichwani kujikinga jua. Madereva walipiga honi. Mimi nilikuwa nimesimama mezani kwangu naona kwa uwazi wa ajabu namna mambo yale yote yangeweza kupangwa. Nilishangaa kwamba serikali mbili zilikuwa hazijaniuliza.

Nikachukua kitenge cha njano mkono mmoja, chekundu mkono wa pili, nikapanda juu ya kreti la soda katikati ya barabara.

"Wewe wa mbao, rudi nyuma! Zaidi! Saruji, subiri! Nimesema subiri!"

Dereva wa mbao akarudi nyuma. Nadhani sauti yangu ilimkumbusha mama yake. Saruji ikasubiri. Lori la tatu likapita, na la nne. Askari mmoja akaja mbio, uso umekunjwa.

"Wewe mama! Nani amekupa kazi hapa? Toka!"

"Afande," nikamwambia bila kugeuka, "simama kushoto, unaziba njia."

Akasimama kushoto. Namwambia msomaji kweli tupu: afande alisimama kushoto, na malori yakaendelea kupita, na wachukuzi wakaanza kunishangilia. Kama ningeshuka wakati ule, huenda leo ningekuwa na cheo. Lakini nilikuwa nimeshaona jambo lingine kubwa zaidi, kwamba soko lenyewe limekaa upande usiofaa na linapaswa kuhamia ng'ambo ya barabara siku ileile. Kwa hiyo lori lililofuata, lililobeba magodoro, nikalielekeza lipite katikati ya wauza nyanya.

Hakuna aliyeumia. Nyanya ziliumia. Akina mama walipiga mayowe, dereva akakanyaga breki, godoro moja likaanguka na kumfunika muuza vitunguu, aliyetoka chini yake akiwa ametulia kuliko sote.

"Sasa shuka! Mara moja!" afande alifoka, maana ukali wake ulikuwa umemrudia.

Rafiki yangu alinifikia wa kwanza, akanishika kiuno, akanishusha kama mtu anayeshusha mzigo wa mayai. "Afande, utusamehe. Huyu ni dada yangu. Iko mugonjwa."

"Mgonjwa?" nikapiga kelele. "Mimi? Sijawahi kuwa mzima hivi tangu nizaliwe!"

Na ndivyo nilivyoamini. Ningekula kiapo.

Jioni hiyo rafiki alinisindikiza nyumbani, akampigia simu mume wangu, kisha akakaa na mama mkwe kumweleza kwamba nahitaji hospitali. Mama mkwe alikataa katakata. "Mgonjwa alikuwa yule wa kitandani. Huyu anafagia! Unataka nimpeleke hospitali mtu anayefagia?"

"Mama, hata usiku anafagiaka. Anagawa vitenge bure kwa madereva. Ule mutu hapumziki."

"Kupumzika kwani ni kazi?"

Kesho yake rafiki alinijia na habari. Kule Kisinga, alisema, kwenye hospitali ya misheni, wagonjwa walikuwa wanajazana bila mpango. "Wako wanapanga mustari vibaya sana. Banahitaji mutu wa kuwaonyesha."

Nilichukua mkoba wangu kabla hajamaliza. Nilikuwa nimengoja mwito kama huo. Tulipanda boda boda, na njiani nilimweleza dereva jinsi barabara ile ingepaswa kupita. Alikubali kila kitu, kama madereva wa boda boda wanavyokubali.

Hospitalini nilianza kazi palepale. Wanaokohoa nikawapeleka dirishani, wenye watoto mbele, na wanaume waliokuja na kidole kimoja kilichokatwa nikawaambia warudi mwisho wakaone aibu. Muuguzi alitoka, akatazama, akasikia neno kutoka kwa rafiki yangu. Akanijia kwa adabu kubwa. "Mama, asante. Njoo tuzungumze ofisini kuhusu mpango wako."

Nikaingia. Mwenye ofisi alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye hakuwa na haraka yoyote. Alisikiliza mpango wangu wote wa hospitali, wa soko na wa reli. Kila nilipovuta pumzi aliuliza jambo dogo. Mume wangu akafika kutoka Mweya, bado ananuka vitunguu vya jikoni. Nyuma yake akaja mama mkwe, aliyekuja kunitetea.

Daktari akawageukia wao. "Wiki hizi analalaje?"

"Halali," mama mkwe akasema, kwa majivuno. "Hana haja."

"Anaongea kuliko kawaida yake?"

Mume wangu alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu asiyejua acheke au alie.

Daktari aliuliza habari za pombe, nikamwambia sinywi. Aliuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa hivi, nami nikamtaja shangazi yangu, mwanamke hodari aliyekuwa akianzisha kanisa jipya kila baada ya misimu michache kisha anajifungia ndani, na waumini wanarudi makwao. Akasema watanitoa damu pia, wahakikishe hakuna kitu kingine mwilini kinachofanana na hiki. Halafu akauliza, "Na hapo nyuma, kabla ya dawa ya Kasese, hali hii iliwahi kutokea?"

"Hali gani?" mama mkwe akauliza. "Ya kuchapa kazi? Mara nyingi! Alipozaa mtoto wa pili alilima kilima peke yake. Akapanda maharage mpaka kwenye njia ya kanisani, watu wakawa wanakwenda kusali kwa kuruka."

"Hongera. Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo..." Mama mkwe akasita. "Hakuvuna. Alikuwa amelala. Tulivuna sisi."

"Baba, wewe unakumbuka nini?"

"Paa," mume wangu akasema. "Alibomoa paa ili alinyanyue liwe refu, hewa iingie. Nilimkuta juu, anaimba. Nikafurahi, maana kabla yake alikuwa ananyamaza tu."

"Na baadaye?"

"Baadaye alilala. Paa halikuisha. Tulikaa chini ya turubai mvua zote."

Rafiki akataja msimu ule nilipofungua meza nyingi kwa mpigo, na jinsi zilivyofungwa moja moja nikiwa chini ya blanketi. Kila hadithi ilianza kwa sifa na kuishia kitandani. Niliwaona wakizisikia hadithi zao wenyewe. Mama mkwe alikuwa amefungua kinywa asimulie nyingine, akakifunga.

"Kumbe," akasema.

"Hakuna anayekuja kwangu kulalamika kwamba ana furaha," daktari alisema. "Watu huja wakiwa chini, na wakiulizwa kuhusu zile siku za juu husema hapo nilikuwa mzima. Ndiyo maana ugonjwa huu unafichika. Kizungu wanauita baipola. Ni ugonjwa mmoja, mama, ingawa una sura mbili. Na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu mtu wa namna hii."

"Kumbe ile ya kitanda na hii ya malori ni kitu kimoja?" rafiki akauliza.

"Ni kimoja."

Nilikuwa nimesimama muda wote huo. Nikakaa. Nikamwambia daktari kwamba kama ni hivyo, achukue ule wa kitandani, nami aniachie huu.

Hakucheka. "Wengi wananiomba hivyo."

"Unawajibuje?"

"Nawaambia sijui namna ya kutoa mmoja na kuuacha mwingine."

Nililia basi, na katikati ya kulia nikaanza kumweleza namna ya kupanga viti vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Nililazwa. Walinisimamishia ile dawa, wakanipa nyingine, nami nikalala kama jiwe lililotupwa mtoni. Kila nikifumbua macho namkuta mume wangu kando. Kwa kuwa kule wauguzaji hujipikia, alikuwa ameazima jiko la mkaa, na baada ya muda nikaanza kusikia harufu ya kimanda chenye hoho na nyanya, namna wanavyokula Wazungu wa Mweya. Wodi nzima ilikuwa inakula. Mzee mmoja aliyekuwa anamuuguza mkewe aliomba wasiruhusiwe kuondoka mapema.

Nikarudi nyumbani nikiwa mtu wa kawaida, na ukawaida ulinipa taabu. Mikono ilitetemeka kwa sababu ya dawa, chai ikawa inanywewa na sahani. Nilikuwa na kiu kama ng'ombe wa Kasese. Kila mara nilirudi Kisinga kupimwa damu, waone dawa haijazidi wala kupungua. Na nilizikosa zile siku. Sitasema uongo. Kuna asubuhi nilizosimama mbele ya ukuta wangu wa njano nikatamani kumwona tena yule aliyeupaka, hata kwa nusu saa.

Tena nikapata walinzi. Nikicheka sana, mama mkwe anauliza kwa sauti, "Dawa yake iko wapi?" Nikikaa kimya, rafiki ananisukumia sahani. "Umekula? Nionyeshe." Siku niliyonunua viatu vyekundu, simu ilifika Mweya kabla viatu havijafika nyumbani. Mume wangu alipiga na kuuliza, kama mtu asiye na habari, "Mama watoto, usiku umelala?"

Nilimwambia nimelala, na viatu vimenitosha vizuri.

Ule uzito umewahi kurudi, lakini sasa naujua unavyobisha hodi. Vitenge huanza kufanana. Nikiona chekundu na bluu haviniambii kitu, namwambia rafiki, naye anafunga meza zote mbili bila kuuliza, tunakwenda Kisinga kabla kitanda hakijanimeza.

Juzijuzi alikuja mteja, bibi mmoja mnono mwenye lipstiki, akirudisha kitenge. Alisema kimechuja. Kilikuwa kimeshashonwa pindo, kimeshavaliwa, na kina doa kubwa tumboni. Nikamwambia hapana. Akasema mimi ni mwizi. Basi nikainua sauti, nikamweleza habari za kitenge kile, za pindo lile, na za malezi yake.

Soko zima likageuka. Wote wakanitazama mimi, si yeye. Mchukuzi mmoja akatua gunia lake ili aone vizuri. Rafiki yangu akaja, akanitazama machoni, akanigusa paji la uso, maana bado anaiamini malaria.

"Jana umelala?"

"Nimelala."

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa!"

Akachukua kile kitenge, akakinusa pale kwenye doa. "Hii ni sombe," akasema, yaani kisamvu cha kwao. "Sombe ya mawese." Halafu akamgeukia yule bibi, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupiga kelele kubwa kuliko zangu, kwa Kiswahili, kwa Kinande cha kwao, na kwa Kifaransa cha kweli.